Spika Imeungua: Kusuka Koili, Kuweka Seti Halisi au Kununua Nyingine?

Mwenye muziki wa kukodisha hana ujanja. Siku moja atasimama mbele ya meza ya fundi, spika ya inchi 18 imelazwa kifudifudi, harufu ya vanishi iliyoungua bado haijaisha, na fundi anamuuliza: "Sasa bosi, tufanyeje?"

Majibu ni matatu. Koili, yaani ule waya wa shaba unaoisukuma karatasi ya spika, isukwe upya kwa mkono. Itafutwe seti halisi ya kiwandani, yaani karatasi (ile koni inayocheza), spaida (kitambaa chenye mikunjo kinachoishika koili katikati) na koili vikiwa vimeshaunganishwa, ibandikwe kwenye fremu ileile. Au spika hiyo iachwe, inunuliwe nyingine mpya dukani. Mimi nimeshatoa majibu yote matatu kwa nyakati tofauti, na hakuna hata moja ambalo sijawahi kulijutia. Pia hakuna ambalo halijawahi kuniokoa.

Mambo ninayolinganisha

Nitapima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni gharama, na hapa nina maana ya pesa yote inayotoka hadi spika ipige tena na idumu, siyo bei ya siku ile tu. La pili ni muda ambao boksi litakaa bila kazi. La tatu ni sauti inayorudi. La nne ni uimara: itabeba mzigo gani na kwa saa ngapi. La tano ni upatikanaji, kwa maana ya kwamba unaweza kulifanya jambo hilo hapo ulipo, na likijirudia mwezi ujao utaweza tena.

Nazungumzia zaidi besi na midi (spika za sauti za kati), inchi 12 hadi 18. Honi, ile ya sauti za juu, nimeiwekea sehemu yake, maana haiendi kwa sheria za besi.

Kabla ya kuchagua, jua nani mgonjwa

Nimeshuhudia spika nzima ikipelekwa kusukwa kumbe waya ulikuwa umechomoka ndani ya spikoni, ile plagi ya kebo ya spika. Kwa hiyo anza na kazi ya bure. Hamisha kebo. Hamisha chaneli ya amplifaya. Chukua boksi linalopiga, lichomeke mahali pa lile bubu. Ubovu ukilifuata boksi, lifungue. Ukibaki kwenye chaneli, spika yako haina kosa, mtafute fundi wa amplifaya.

Spika ikishatoka kwenye boksi, weka mita kwenye omu na uguse terminali zake mbili. Spika iliyoandikwa omu 8 itasoma kati ya 5 na 6.5 hivi. Ya omu 4 itasoma 3 na ushee, ya omu 16 itasoma 11 hadi 13. Usishtuke kuona namba ndogo kuliko ile ya kwenye lebo: mita inapima waya uliotulia, lebo inazungumzia spika inayopiga. Ikisoma chini sana ya hapo, mizunguko ya koili imeshikana. Isiposoma kabisa, kuna kilichokatika, lakini usikimbilie koili. Chunguza kwanza zile nyaya laini za kusokotwa zinazotoka kwenye terminali kwenda kwenye karatasi. Hucheza mamilioni ya mara, na mara nyingi hukatika palepale zinapoingia kwenye karatasi. Zikiwa ndizo, ni kazi ya kulehemu, dakika kumi, na hakuna cha kusuka wala kununua.

Baada ya mita, vidole. Vitandaze kuzunguka katikati ya karatasi, sukuma taratibu na sawasawa, tega sikio. Spika nzima inashuka kimya kama godoro. Iliyoungua inakwaruza, kwa sababu koili imevimba au vanishi imetoka malengelenge. Iliyoanguka kwenye gari nayo inakwaruza, ila kwa upande mmoja: sumaku imehama na pengo lake, ambamo koili hucheza, limebana.

Karatasi ikishang'olewa, tazama koili yenyewe. Ikiwa nyeusi sawasawa kote, imekula moto wa muda mrefu. Ikiwa imejikunja kwa chini, imekuwa ikigonga bamba la nyuma, mara nyingi kwa besi za chini mno ambazo boksi haliwezi kuzizuia. Boksi lililopimwa kucheza vizuri hadi kama hezi 40 halishiki karatasi ukilipigia hezi 25. Karatasi inapepea hovyo, sauti husikii, koili inaumia. Nyimbo za amapiano zimeshusha besi hadi huko, na watu wengi bado wanapiga bila kukata masafa ya chini kwenye krosova, kile kifaa cha kugawa sauti za chini na za juu.

Halafu kuna amplifaya inayovujisha umeme wa DC, ule wa mkondo mmoja kama wa betri. Hii ndiyo inayomaliza watu pesa. Inaisukuma koili nje ya pengo na kuishikilia hapo ikiwaka kama pasi. Ukileta spika mpya ukaichomeka, nayo inakwenda. Kabla ya kurudisha spika yoyote, weka mita kwenye volti za DC, gusa tokeo la amplifaya bila muziki. Milivolti chache hazina shida. Ukiona volti kadhaa, usichomeke kitu.

Njia ya kwanza: kusuka koili kwa fundi

Fundi mzuri wa kusuka ni mtu wa kumwangalia tu. Nilikaa kwa mmoja mchana mzima. Alichukua filamu ya zamani ya X-ray, akaikwangua picha yote kwa maji ya jiki hadi ikabaki angavu, akaikata ukanda na kuuzungushia kwenye gogo la mti lililochongwa kwa kipimo cha koili. Akasuka waya wa shaba juu yake, mzunguko baada ya mzunguko, huku akipaka vanishi kwa kidole, midomo ikihesabu bila sauti. Vipande vya filamu hiyohiyo akavitumia baadaye kama kabari za kuiweka koili katikati ya pengo wakati gundi inakauka. Hakuna kitu kilichotoka nje ya meza ile isipokuwa waya na gundi.

Gharama. Hakuna njia rahisi kuliko hii siku ya kulipa. Ila gawanya kwa idadi ya shughuli. Tuseme, kwa namba za mfano tu, umesuka kwa shilingi 60,000 ikadumu shughuli 20: kila shughuli imekula 3,000. Seti ya 300,000 ikidumu shughuli 150 imekula 2,000. Ukipata fundi ambaye kazi yake inadumu shughuli 60, hesabu inageuka tena. Kwa hiyo jibu liko mikononi mwa fundi kuliko kwenye bei yake.

Muda. Siku moja hadi mbili, na sehemu kubwa ni kusubiri gundi. Fundi anayekupa spika jioni ileile na gundi ya kuchanganya sehemu mbili bado inanata, amekupa matatizo. Saa 24 ndiyo heshima yake.

Sauti. Hapa panahitaji ukweli bila kumdharau fundi. Spika imepigiwa hesabu ya uzito. Kwa mfano, JBL 2226H, spika ya inchi 15 inayojulikana sana, kila kinachocheza ndani yake kina uzito wa gramu 98 hivi, na koili yake ya inchi 4 imesukwa kwa waya bapa uliosimamishwa kwa ubavu. Waya bapa haupotezi nafasi. Fundi ana waya wa mviringo, ambao ukipangwa unaacha matundu kati ya mzunguko na mzunguko. Ama utapata shaba pungufu, ama koili itakuwa nene na kubana. Spika nyingi kubwa za kisasa zinasukwa ndani na nje ya bomba la koili, pande zote mbili. Hiyo kwa gogo la mti haiwezekani. Matokeo yake spika inapiga, lakini inapiga kwa sauti ya chini kidogo kuliko mwenzake, au besi yake imebadilika tabia. Ikiwa peke yake hutajua. Ikiwa kando ya pacha wake, utajua.

Uimara. Adui ni joto. Shaba ikipanda nyuzi 200, ukinzani wake unapanda kwa zaidi ya robo tatu, ndiyo maana muziki uliokuwa unatikisa saa tatu usiku unaonekana umechoka saa saba, na DJ anazidi kuongeza. Koili ya kiwandani imejengwa kwa bomba na gundi za kuvumilia hali hiyo. Filamu ya X-ray ni plastiki. Inalegea mapema sana kabla ya hapo. Mafundi wengine hutumia bati jembamba la aluminiamu, ambalo linavumilia joto vizuri zaidi, na ukimkuta mwenye uzoefu nalo, mshike.

Upatikanaji. Hapa kusuka hakuna mpinzani. Kuanzia Kariakoo hadi mji mdogo wowote wenye fundi wa mota, kuna mtu mwenye waya na gogo.

Inamfaa nani? Mwenye spika ya kawaida isiyopigwa hadi mwisho wake: kanisa, ukumbi wa shule, baa ndogo, midi ya kuongelea. Inamfaa pia mwenye shughuli ya kesho kutwa ambaye hana namna nyingine. Haimfai mwenye sabufa za kukodisha anayepiga singeli hadi alfajiri.

Ukisuka, usilipe kabla ya mambo mawili. La kwanza ni mita. Niliwahi kupokea spika ya omu 8 ikisoma 3.1. Fundi aliishiwa waya wa kipimo kile akaweka mnene zaidi, ukaingia mizunguko michache. Ukiichanganya na pacha wake wa omu 8 kwenye chaneli moja, ile iliyosukwa inakula karibu mara mbili ya nguvu ya mwenzake, na amplifaya inaona mzigo wa chini ya omu 3. Nilirudisha, akasuka upya bila ubishi.

La pili ni betri. Hili lilinifundisha harusini, Mbagala. Sabufa mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, moja imetoka kusukwa siku ile. Muziki ukaanza, besi hakuna. Nikaongeza, hakuna. Mjomba wa bwana harusi akaja kuniuliza kama hizo maboksi ni mapambo. Nikachomoa boksi moja ili nione lipi limekufa, na papo hapo besi ikarudi, kifuani kabisa. Hakuna lililokuwa limekufa. Fundi alikuwa amegeuza nyaya, moja ikisukuma nyingine inavuta, zinafutana. Siku hizi nagusisha betri ya volti 9 kwa sekunde moja, chanya kwenye terminali nyekundu: karatasi lazima itoke nje. Tahadhari moja: spika za zamani za JBL za kitaalamu zilijengwa kinyume, chanya kwenye nyekundu inaivuta karatasi ndani. Kwa hiyo linganisha na pacha wake, usilinganishe na ulichosikia.

Njia ya pili: seti halisi ya kiwandani

Fremu na sumaku vinabaki, vyote vinavyocheza vinabadilishwa. Kazi ya fundi hapa ni kusafisha na kubandika: kung'oa vya zamani bila kuikwaruza fremu, kufuta pengo la sumaku kwa mkanda wa karatasi uliokunjwa hadi utoke mweupe, kuweka kabari, kubandika, kusubiri, kufunika kofia ya katikati.

Gharama. Inauma. Kwa spika kubwa, seti inaweza kufika nusu ya bei ya spika mpya ya aina ileile, kisha kuna usafiri na ushuru. Kwa spika ya bei ya chini haina maana kabisa, na viwanda vingi hata havitengenezi seti za spika hizo.

Muda. Hapa ndipo watu wanakata tamaa. Kubandika ni siku moja na kukauka kwake. Kusubiri seti ifike ni habari nyingine. Mara nyingi inaagizwa nje, na wewe unahesabu wikendi zinazopita.

Sauti. Ile ile uliyoinunua mwanzo, mradi mambo mawili yawe sawa. Sumaku iwe haijahama, na iwe haijapoteza nguvu. Sumaku nzito za kawaida, zile nyeusi za feraiti, huvumilia joto na kurudi katika hali yake. Sumaku nyepesi za neodimiamu zikipikwa kupita kiasi hupoteza nguvu moja kwa moja, na seti mpya juu ya sumaku iliyochoka itakupa spika iliyochoka. Ukishika spika ya aina hiyo iliyoungua vibaya, fikiria mara mbili.

Uimara. Inarudi kwenye namba za kiwandani. Zile wati za AES (kipimo cha chama cha wahandisi wa sauti) zilizoandikwa kwenye karatasi ya vipimo zinatokana na kuipigia spika kelele mfululizo kwa saa 2. Hata hivyo, uzima huo unategemea gundi ya fundi na usafi wa pengo. Punje moja ya chuma iliyobaki mle ndani inatosha kuikwaruza koili mpya. Wa pwani tuna jambo la ziada: chumvi. Spika zilizokaa Tanga, Unguja au Mombasa miaka kadhaa hufunguliwa ukakuta kutu kwenye kuta za pengo. Kutu hiyo lazima itoke yote kabla ya kitu kipya kuingia.

Upatikanaji. Kwa majina makubwa na modeli zinazoendelea kuuzwa, ipo. Modeli ikishaacha kutengenezwa, seti halisi inapotea taratibu na zinabaki za kuigiza. Za kuigiza si zote mbaya. Nimeona nyingine zimetengenezwa kwa uangalifu, nyingine karatasi nene kama boksi la viatu. Muulize muuzaji kama imesukwa ndani na nje kama ya asili, na uiweke kwenye mizani ndogo kando ya ile iliyokufa ikiwa bado ipo nzima.

Inamfaa nani? Mwenye maboksi yaliyopimwa kwa spika fulani maalumu, hasa yale yanayopangwa manne au nane ya aina moja. Boksi likibadilishiwa spika moja, linaanza kuongea lugha yake peke yake. Inamfaa pia mwenye spika ya gharama yenye fremu na sumaku nzima, anayeweza kuvumilia kusubiri.

Njia ya tatu: kununua spika nyingine mpya

Hapa nazungumzia ile unayoikuta dukani leo, iwe ya jina kubwa au ya jina ambalo hujawahi kulisikia. Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi zimejaa zote.

Gharama. Inapishana kuliko njia zote. Ipo ya bei inayokaribiana na kusuka mara mbili, na ipo inayokaribia bei ya pikipiki. Tatizo ni kwamba zinaonekana kufanana.

Muda. Saa moja. Fungua skrubu nane, chomoa, chomeka, funga. Hakuna njia inayoishinda kwa hili.

Sauti. Spika ni nusu ya jambo, boksi ni nusu nyingine. Tundu la boksi na ukubwa wake vimepigiwa hesabu kwa spika moja: uzito wake, ulaini wa spaida yake, nguvu ya sumaku yake. Ukipachika nyingine ya inchi zile zile, matundu ya skrubu yanaweza kuingia kabisa na besi isitoke. Au inatoka yote kwenye noti moja, kila wimbo unapiga "buuu" ileile. Kama ni boksi ulilochongewa na fundi seremala kwa kukisia, basi huna cha kupoteza, pengine itakaa vizuri kuliko ya kwanza.

Uimara. Soma lebo kama mtu anayesoma mkataba. Spika ya wati 500 za AES inaweza kuandikwa 1,000 za programu (muziki unaopanda na kushuka) na 2,000 za kilele (mpigo wa ghafla), na zote ni spika ileile. Lebo ya bei ya chini huandika ile ya mwisho tu. Kwa hiyo achana na lebo, angalia koili: spika ya inchi 18 yenye koili ya inchi 3 au 4 ni mtu mzima, yenye koili ya inchi 2 imebeba jina la mwingine. Angalia ukingo: nguo iliyokunjwa kunjwa iliyopakwa lakiri inadumu, sponji huoza kwa jua na unyevu. Angalia fremu: ya kumiminwa inavumilia safari, ya bati lililokandamizwa hupinda ukikaza skrubu kwa nguvu, na fremu ikipinda koili inagusa. Ukubwa wa sumaku peke yake usikutishe wala kukuvutia.

Upatikanaji. Leo ipo. Mwezi wa sita ukitaka pacha wake, unaambiwa mzigo huo umeisha, huu wa sasa una rangi tofauti. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa wanaochagua njia hii ni mmoja: nunua mbili, weka mbili kwenye maboksi pacha, na ile nzima ya zamani ikae stoo kama akiba.

Inamfaa nani? Anayeanza na maboksi ya kuchongesha. Mwenye shughuli leo jioni. Pia yule ambaye fremu yake imepinda au sumaku imehama. Huyo asipoteze pesa kusuka wala kuagiza seti, maana koili nzuri kwenye pengo lililopinda itakwaruzwa hadi ife.

Kuna njia ya pembeni ambayo sikuihesabu: spika halisi ya mtumba. Ukiipata ni bahati, kwa kuwa inakupa sauti ya seti halisi kwa muda wa kununua dukani. Lakini nenda na mita, nenda na vidole, na chungulia kama gundi ya karatasi imepakwa kwa mashine au kwa kijiti. Gundi iliyomwagika ukingoni ina maana ilishasukwa, na unauziwa njia ya kwanza kwa bei ya njia ya pili.

Honi: hesabu nyingine kabisa

Yuniti ya honi ina diaframu (utando unaotikisika badala ya karatasi) nyepesi mno na pengo jembamba mno. Kusuka kwa mkono kunaongeza uzito, na uzito kidogo tu unazima sauti za juu kabisa: unapata honi inayopiga kelele bila ule ung'avu. Seti halisi hapa ina faida ambayo haipo kwenye besi, kwani kubadili diaframu ni skrubu tatu au nne na nyingi zina pini za kujiweka katikati zenyewe. Mwenye mkono mtulivu anaifanya mwenyewe mezani kwa nusu saa, akikumbuka kusafisha pengo kwanza. Diaframu za kuigiza zipo tele na ni rahisi; kwa honi ya kuongelea hazina shida kubwa, kwa honi ya muziki mzito badilisha zote mbili za jozi ili zilingane. Yuniti mpya nzima inaleta maana ikiwa uzi wake wa kufungia na ukubwa wa mdomo, inchi 1 au 2, vinaendana na honi yako. Na ile betri ya volti 9 usiiguse hapa, inaweza kuiumiza diaframu. Ya 1.5 inatosha.

Kabla ya yote, fungua boksi uangalie krosova. Maboksi mengi yana kitaa kidogo cha kulinda honi, kama cha gari. Kikikatika honi inakufa kimya, na kitaa hicho ni bei ya soda. Kwa zile honi za mlingotini, za msikiti au za matangazo, nyingi zina transfoma ya laini ya volti 100 ndani. Mita ukiigusisha kwenye nyaya za nje inapima transfoma, haipimi koili. Fungua kifuniko upime yuniti yenyewe.

Ukiwa katika hali gani, fanya nini

Leo ni Alhamisi na una harusi Jumamosi. Kama boksi ni la kawaida na duka liko karibu, nunua. Kama pesa haitoshi, suka leo hii ili gundi ipate usiku mzima na mchana wake, na siku ya shughuli punguza boksi hilo kidogo kuliko pacha wake.

Unakodisha muziki mkubwa wenye maboksi ya jina yanayolingana. Agiza seti halisi, na siku ukiagiza moja agiza mbili, usafiri ni uleule. Mpaka zifike, toa boksi pacha la upande wa pili pia ili pande zote zilingane.

Ni spika ya kanisa au ukumbi, inapigwa kwa wastani. Suka kwa fundi mwenye kazi unayoijua. Pengine itakaa miaka.

Imeanguka, inakwaruza upande mmoja, fremu imepinda. Nunua nyingine. Hapa sibishani na mtu.

Uko mbali, Kigoma, Mpanda au Kalemie, na kila kitu kinasafiri kwa basi au meli. Spika moja ya akiba kwenye stoo itakusaidia kuliko ubishi huu wote. Isipokuwepo, jifunze kusuka, au uwe rafiki na anayejua.

Imeungua mara ya pili ndani ya miezi miwili. Usichague chochote bado. Rudi kwenye amplifaya. Ikikaa kwenye taa nyekundu, mawimbi yanakatwa vichwa, na wimbi la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi laini la kilele kilekile. Amplifaya ya wati 500 inaweza kuimwagia spika karibu 1,000. Pima DC. Kata besi za chini ya uwezo wa boksi. Weka limita, kifaa cha kuzuia sauti isipite kiwango, kama ipo, na uifiche DJ asiione.

Njia yoyote utakayoshika, chukua kalamu ya maka na uandike nyuma ya sumaku: tarehe, omu zilizosoma kwenye mita, na jina la aliyeifanyia kazi. Mimi nina spika moja yenye mistari minne ya aina hiyo. Mstari wa tatu unasema 5.4, na tangu hapo hadi wa nne imepita miaka mitatu. Fundi huyo ndiye ninayempelekea kazi zangu mpaka leo.